Maswali yenu kwa dokta: umio ukitolewa mpya unatoka wapi, na picha zote hizo za nini?

Toleo lililopita tuligusia watu wanaoshindwa kumeza, nikasema kwa kifupi tu kwamba wengine inabidi watengenezewe umio mpya, basi jamani meseji zimemiminika. Karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti: mbona madaktari wanadai picha juu ya picha kabla ya hiyo oparesheni, kwani hawawezi kufungua wakaona wenyewe? Nimechagua chache ambazo nadhani zitawafaa na wengine.

Ila kwanza tuwekane sawa. Umio ni ule mrija unaoanzia kooni, unapita kifuani nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo mpaka unaingia tumboni, kwa mtu mzima ni kama sentimita 25 hivi. Ukiharibika kipande kirefu huwezi kukikata ukashona ncha mbili zikutane kama tunavyofanya kwenye utumbo, hauna urefu wa ziada na hauvutiki kirahisi. Kwa hiyo ukiutoa lazima uchukue kiungo kingine cha huyo huyo mgonjwa ukipandishe juu: mfuko wa chakula, utumbo mpana au utumbo mwembamba. Na kinapanda kikiwa bado kimeshikamana na mshipa wake wa damu, ukikatika huo mshipa umepandisha nyama iliyokufa. Mimi siingii thieta na mgonjwa kabla sijajua hiyo damu itatoka wapi, na ndio maana nawasumbua na picha.

Baba yangu ana miaka 58, Bomet. Alipigwa kamera ya kuingizwa kooni akakatwa kinyama cha kupima majibu yakaja kansa ya umio. Sisi tulidhani sasa ni oparesheni, lakini wametuambia CT skani ya kifua na tumbo, halafu picha ya kumeza dawa nyeupe, na mmoja akataja PET. Daktari si alishaiona na kamera? Hizi zingine ni za nini ama ni pesa tu wanatafuta? Mtoto wake, Bomet.

Pole sana wewe na familia. Swali lako ni la haki, pesa za vipimo zinauma na watu wanauza ng'ombe, kwa hiyo ntakujibu kwa kirefu.

Kamera inaona ndani ya mrija peke yake. Inaona kidonda, inachukua kinyama, inapima kidonda kiko sentimita ngapi kutoka kwenye meno ya mbele, basi. Haioni ukuta wa nje, na kansa haiui kwa sababu ya kile kilichoko ndani ya mrija, inaua kwa kutoka nje. Umio wa kifuani umebanana na bomba la hewa kwa mbele na ule mshipa mkubwa kabisa wa damu, aota, kwa pembeni, yaani hakuna nafasi. Sasa CT inakata mwili vipande vyembamba, mtu wa picha anaangalia je kati ya uvimbe na aota bado kuna ile tabaka ya mafuta? Uvimbe umeikumbatia aota kiasi gani? Kuna kipimo cha siku nyingi tunachotumia, uvimbe ukigusa zaidi ya nyuzi 90 za mzunguko wa aota tunaogopa kwamba umeingia ndani, ukiwa chini ya 45 mara nyingi haujaingia, katikati hapo ni kubishana. Bomba la hewa nalo, likiwa limesukumwa na uvimbe unachomoza kwa ndani inabidi tuingize kamera nyingine kwenye njia ya hewa kuhakikisha. CT hiyo hiyo inaangalia ini, mapafu, na tezi za tumboni mpaka shingoni.

Ikionekana imeshaingia kwenye aota au kwenye bomba la hewa, au imefika kwenye ini, basi kumpasua mzee ni kumtesa, atakufa haraka kuliko angeachwa. Hapo kuna stenti, kile kibomba cha waya kinachojitanua, kinawekwa kwa kamera, mtu anaanza kumeza uji na chakula laini bila kupasuliwa. Na nyie mko Bomet, hospitali ya Tenwek iko hapo hapo na imefanya kazi hii ya umio na stenti kwa miaka mingi, maana eneo lenu liko kwenye ukanda wenye kansa hii kwa wingi, ukanda unaoshuka toka Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini. Kwa hiyo CT inaweza kumwokoa baba na oparesheni isiyo na faida, hiyo peke yake inalipa gharama yake.

Tuseme sasa haijasambaa, oparesheni inawezekana. Hapa ndipo CT inafanya kazi ya pili ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi, na mimi ndio naipenda zaidi. Kiungo cha kwanza tunachofikiria ni mfuko wa chakula. Tunaukata kwa urefu unakuwa mrija wa upana wa kama sentimita 4 au 5, tunaupandisha kifuani au mpaka shingoni. Mfuko huu kawaida unapata damu toka mishipa kadhaa, na ili upande tunaifunga karibu yote tunabakisha hasa mmoja, ule unaotembea kwenye ukingo wake mkubwa kutokea upande wa kulia. Mmoja tu jamani! Damu inaingia kwa chini inapanda, na kule juu kabisa, ncha ambayo ndio tunashona na kipande cha umio kilichobaki, ni mwisho wa safari. Ni kama shamba linalomwagiliwa na mfereji mmoja, mstari wa mwisho ndio unapata maji kidogo, na sisi tumepanda zao la thamani kuliko yote kwenye huo mstari wa mwisho. Pakikosa damu panaoza panavuja, na uvujaji ndani ya kifua unaua.

Kwa hiyo kwenye CT iliyopigwa na dawa ya mshipani wakati ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zimejaa hiyo dawa, tunaufuata huo mshipa toka chanzo chake. Je mshipa mama unaotoka kwenye aota kulisha tumbo umebanwa au umejaa chokaa? Wazee wavuta sigara na wenye kisukari wanakuwa na chokaa nyingi, na chokaa nyingi inaendana na kuvuja. Je mshipa wa upande wa kushoto wa ini unatoka mahali pake au unatokea kwenye mshipa wa kushoto wa tumbo ambao sisi tunaenda kuufunga? Hilo sio jambo la nadra hata kidogo, na ukifunga bila kujua unaweza kulinyima kipande cha ini damu. Kuna pia watu, hawafiki wawili kwa mia, ambao mshipa wa mkono wa kulia unatokea upande usio wake unapita nyuma ya umio, ukimkuta mtu wa hivyo bila taarifa ukiwa na mkasi mkononi ni balaa. Hivi vyote vinaonekana kwenye picha siku kadhaa kabla, mtu amekaa na chai anaangalia.

Picha ya kumeza bariamu, ile dawa nyeupe, ni ya zamani na ya bei nafuu, wengine wanaidharau, mimi siidharau. Inaonyesha urefu wa sehemu iliyobana, inaonyesha umio umepinda wapi, na umio uliopinda mara nyingi uvimbe umeuvuta kwa nje. Pia inaonyesha kama chakula kinavuja kuingia kwenye njia ya hewa. Hapo sasa tahadhari moja muhimu: kama mzee anakohoa kila akinywa maji MWAMBIENI MTU WA PICHA KABLA HAJAMEZA CHOCHOTE. Kuna dawa za maji za kumezesha ambazo zikiingia kwenye mapafu zinavuta maji na mapafu yanajaa, na bariamu nayo ikimwagika nje ya umio kifuani inaleta uvimbe mbaya, kwa hiyo mtu wa picha inabidi ajue ili achague dawa salama.

PET inatumia sukari yenye mionzi kidogo, kansa inaila hiyo sukari kwa pupa inang'aa, kwa hiyo inanasa mbegu za kansa zilizosafiri mbali ambazo CT imezikosa. Kenya ipo, Aga Khan Nairobi na ile hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ushauri wangu wa kweli: CT nzuri na kamera nzuri kwanza. Zikionyesha imesambaa, PET haitabadilisha kitu, usiuze ng'ombe. Zikionyesha inapasulika, hapo PET ina maana, kwa sababu inaweza kugundua kitu kitakachofuta oparesheni kubwa. Na kama wataanza na mionzi na kemo, yaani dawa za kuua kansa, kabla ya kupasua, ambayo siku hizi ndio njia ya kawaida kwa wengi, mtegemee CT nyingine wiki kadhaa baada ya kumaliza, manake uvimbe umebadilika na picha ya zamani haituambii tena ukweli.

Dokta, shikamoo. Mama amewekewa mpira wa kulishia tumboni mwezi uliopita kwa sababu alikuwa hamezi hata maji. Sasa hospitali ya rufaa wanalalamika kwamba ule mpira umewekwa vibaya. Mpira unafanya kazi vizuri tu, hauvuji, tatizo liko wapi? Tanga.

Marahaba. Nashukuru umeuliza, hii ingetakiwa ijulikane na kila hospitali ya wilaya. Rudi kwenye jibu la juu, ule mshipa mmoja unaotembea kwenye ukingo mkubwa wa mfuko. Mtu akiweka mpira karibu na huo ukingo anaweza kuujeruhi, au kovu likaushika, na mfuko ukapoteza njia yake pekee ya kupanda. Mpira unafanya kazi kabisa, mama anashiba, lakini daktari wa rufaa anawaza miezi mitatu mbele.

Haina maana mambo yameharibika. CT yenye dawa ya mshipani itaonyesha mpira umeingilia wapi na mshipa uko umbali gani, ukiwa mzima tunautoa mpira siku ya oparesheni tunashona tundu tunaendelea. Kwa wengine wanaosoma hapa ambao bado hawajawekewa: kama kuna uwezekano wa oparesheni hapo baadae, muulizeni daktari kama inawezekana kuweka kwenye utumbo mwembamba badala ya mfuko. Lakini kama mtu anakufa na njaa, wekeni mpira wowote unaopatikana, akiwa mfu hatuhitaji mshipa.

Habari dokta. Mimi nina miaka 45 niko Morogoro, nilikatwa kipande cha tumbo zamani kwa sababu ya vidonda. Sasa umio umebana na wameniambia watatumia utumbo mpana. Nimeogopa kweli, utumbo wa kinyesi kuuweka shingoni? Na wanajuaje kama utaishi huko juu?

Kaka, uoga wako unaeleweka, ila utumbo huo ukishapandishwa haupitishi tena kinyesi, unasafishwa na unakaa unapitisha chakula tu, sehemu iliyobaki chini inaunganishwa unaenda choo kama kawaida. Wala sio kitu kipya. Daktari mpasuaji César Roux kule Uswisi alitumia utumbo mwembamba mwaka 1907, na utumbo mpana ukafuata 1911 kwa wapasuaji wenzake Kelling na Vulliet. Tena Franz Torek wa New York alipofanikiwa kutoa umio wa kifuani mwaka 1913 hakuweza hata kuweka kiungo, yule mama aliishi zaidi ya miaka 10 akila kwa bomba la mpira la nje ya mwili kutoka tundu la shingoni kwenda tundu la tumboni. Nalitaja hilo ili uone tumetoka wapi.

Kwako mfuko haufai kwa sababu walishaukata na inawezekana mshipa ulishafungwa, hiyo nayo tunathibitisha kwenye CT, usikubali mtu akisie, na kama unayo karatasi ya oparesheni ya zamani itafute hata kama imechakaa.

Utumbo mpana una uzuri mmoja, ni mrefu, unafika shingoni hata mpaka nyuma ya ulimi ikibidi. Ubaya wake ni mishipa. Kuna mshipa unaotembea pembezoni mwa utumbo wote ukiunganisha mishipa mikubwa inayokuja toka katikati, sisi tunategemea huo wa pembezoni ubebe damu peke yake baada ya kufunga mingine. Mara nyingi tunabakiza ule wa kushoto tunafunga wa katikati. Lakini kwa watu wengine huo wa pembezoni ni mwembamba sana au umekatika, hasa pale kwenye kona ya kushoto karibu na bandama, na kwa nje mtu huyo ni mzima hana dalili yoyote ile. Kwa hiyo CT ya mishipa inakuwa ya lazima kwako, kompyuta inaunganisha vipande inatoa mti mzima wa mishipa, tunaona tawi gani lina nguvu na tunapima urefu wa utumbo tutakaohitaji.

Pia lazima utumbo wenyewe uchunguzwe kwa ndani kwa kamera inayopita njia ya haja kubwa, au CT ya utumbo kama kamera haipo. Umri wako ndio ule ambao vinyama vinaanza kuota, na utumbo wenye kansa au vifuko vingi vya ukutani hatuupandishi. Sasa hata picha ikiwa nzuri, siku yenyewe tumbo likishafunguliwa tunabana kwanza ile mishipa tunayotaka kufunga kwa muda, bila kukata, tunaangalia utumbo unabaki na rangi na mapigo au unaanza kuwa wa bluu. Picha inatuambia tujaribu wapi, lakini neno la mwisho ni la utumbo wenyewe. Hospitali zenye vifaa wanachoma dawa ya kijani inayong'aa kwenye kamera maalum wanaona damu inafika mpaka wapi.

Kitu kimoja uulize: utapita njia gani? Unaweza kupita mahali pa umio wa zamani, au mbele, nyuma ya mfupa wa kifua. Njia ya mbele inatumika sana kama umio wa zamani unaachwa mahali pake au kifua kina makovu, ila pale juu, mlango wa kuingilia shingoni kati ya mfupa na mgongo, kwa watu wengine ni finyu na utumbo unakabwa, damu ya vena, ile inayorudi moyoni, inashindwa kurudi. CT inapima huo mlango. Ukiwa finyu tunajua mapema kwamba tutapunguza mfupa kidogo.

Dokta nisaidie mwanangu ana miaka minne alikunywa kostiki soda ya jirani anayetengeneza sabuni ilikuwa kwenye chupa ya soda. Ni mwaka sasa kila baada ya wiki chache wanamtanua koo lakini linabana tena. Wanasema sasa watampiga picha wapange oparesheni. Naogopa mionzi ya picha kwa mtoto mdogo na naogopa oparesheni. Mama, Mbeya.

Mama pole, pole sana. Nimesoma meseji yako mara nyingi. Kostiki soda inayeyusha ukuta wa umio ndani ya dakika, na kovu linakuja baadae, wiki ya tatu na kuendelea, linajikunja kila unapolitanua. Wewe hujafanya kosa lolote, mtoto ameona chupa ya soda kanywa soda. Kwa wengine wote: kostiki, asidi ya betri na dawa ya kuzibulia masinki HAZIKAI kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa saa moja. Na ikitokea, mtoto asitapishwe, asipewe maziwa ya kulazimishwa wala limao, akimbizwe hospitali.

Kuhusu kungoja, madaktari wako wako sahihi, kwa kawaida tunasubiri angalau miezi 6 toka ajali kovu litulie, na kama kutanua kunasaidia tunaendelea hata zaidi, maana umio wa kuzaliwa nao hata ukiwa mbovu ni bora kuliko wa kutengeneza. Ila kovu likiwa refu, au yakiwa matatu manne yamefuatana, au umio ukiwa umeziba kabisa, kutanua kila wiki na nusu kaputi kila mara inakuwa ni kumzungusha mtoto bila mwisho.

Picha kuu kwake sio CT, ni ile ya kumeza inayopigwa kwa mwendo. Kamera inakwama kwenye kovu la kwanza haioni ya chini yake, lakini dawa ikipita hata kama uzi tunaona makovu mangapi, marefu kiasi gani. Halafu ndipo sehemu ambayo mimi naiangalia kuliko zote, pale juu kabisa, nyuma ya ulimi na mlango wa hewa. Kama moto wa kostiki ulipita hapo na kuacha kovu, ukipandisha utumbo mzuri kabisa ukauunganisha chini ya kovu, mtoto bado hamezi, au anameza kwenye mapafu. Inabidi tujue kovu la juu linaishia wapi ili tuunganishe juu yake, na daktari wa masikio pua na koo awepo kwenye kikao. Ukiulizwa mtoto anakohoa akinywa? Sauti imekauka? Anakoroma? jibu kwa makini, hayo ni majibu muhimu kama picha.

Tumbo pia liangaliwe, wengine wanaungua mpaka mlango wa kutokea tumboni unaziba, kama ana mpira wa kulishia tunaingiza dawa kupitia hapo hapo.

Mionzi sasa. Una haki ya kuuliza. Eksirei ya kawaida ya kifua ni kidogo sana, kama 0.1 kwa kipimo cha milisiviti. CT ya kifua kwa mtu mzima ni kama 6 hivi, wakati mionzi ya asili ya ardhini na angani mtu anapata wastani wa 2.4 kwa mwaka popote alipo. Kwa mtoto mashine inapunguzwa kulingana na uzito wake, na wewe unaweza kumuuliza fundi wa picha kabisa, "mmeweka ya mtoto?" Hawatakasirika, na wakikasirika uliza tena. CT moja iliyopangwa vizuri kabla ya oparesheni sio kitu cha kukunyima usingizi. Kinachoniudhi mimi ni mtoto kurudiwa picha ile ile hospitali tatu kwa sababu kila moja imempa mama karatasi ya majibu bila CD. Omba CD. Karatasi inasema mtu mmoja aliona nini, mimi nataka kuangalia mwenyewe pale juu kwenye mlango wa hewa.

Mimi ni muuguzi kituo cha afya Kigoma. Tulipata mtoto mchanga anatoa povu mdomoni, tulijaribu kupitisha mpira ukagoma kama sentimita 10. Tumempa rufaa. Je tungefanya picha gani kwanza, tumpe bariamu?

Hapana, bariamu usimpe, itaingia kwenye mapafu. Umefanya jambo kubwa kwa kujaribu mpira kabla ya kumnyonyesha, hongera kwa kweli. Mtoto huyo inawezekana kazaliwa umio wake umekatika katikati. Picha inayotakiwa ni eksirei ya kawaida tu, mpira ukiwa bado umeingizwa, ichukue kifua na tumbo pamoja. Mpira utaonekana umejikunja kwenye kifuko cha juu. Halafu angalia tumbo: kukiwa na hewa maana yake kipande cha chini kimeungana na bomba la hewa, aina ambayo ndio ya kawaida kabisa, na mara nyingi vipande viko karibu vinaweza kushonwa pamoja, jambo lililofanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1941 na daktari mpasuaji Cameron Haight kule Michigan. Tumbo likiwa halina hewa hata kidogo jihadhari, vipande vinaweza kuwa mbali sana na huyo ndiye anaweza kuja kuhitaji kutanuliwa taratibu au kuwekewa mfuko wa chakula au utumbo baadae, baada ya kupimwa pengo kwa kuhesabu pingili za mgongo kwenye eksirei.

Njiani kichwa kiinuliwe, mate yavutwe mara kwa mara, asipewe chochote mdomoni. Huko rufaa watampiga ultrasaundi ya moyo, kwa ajili ya kasoro za moyo zinazoandamana na hii na pia kujua aota imekunjia upande gani, manake daktari anaingilia upande wa pili.

Niko Muscat, kaka yangu yuko Dar anangoja oparesheni hii. Hapa rafiki ananiambia nimlete kwa sababu kuna picha za 3D mpaka wanachapisha kiungo cha plastiki. Kweli ina tofauti kubwa hivyo?

Ndugu yangu, 3D inatokana na CT ile ile. Toka mgonjwa wa kwanza apigwe CT London mwaka 1971 kwa mashine ya Hounsfield, mhandisi aliyeibuni, mashine inatoa vipande, na kompyuta inavipanga. Vipande vikiwa vyembamba, milimita moja hivi, na dawa ikichomwa kwa wakati sahihi, mti wa mishipa unajengwa na programu dakika chache, Dar inafanyika. Vikiwa vinene au dawa imechelewa hakuna 3D itakayokuokoa. Kwa hiyo badala ya tiketi ya ndege kwanza tuma swali kwa daktari wa kaka: CT imepigwa awamu ya ateri? Nani kaisoma, na daktari mpasuaji kakaa naye? Kubwa zaidi, hospitali hiyo inafanya oparesheni hii mara ngapi kwa mwaka na ina ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, iliyoizoea? Hilo ndio linabadilisha matokeo kuliko plastiki. Viungo vilivyochapishwa vinasaidia kufundishia na kwa mtu mwenye maumbile magumu sana, kwa wengi ni ziada. Ah na kabla sijasahau, kama kaka anatumia metformin, dawa ya kisukari, au figo zina shida aseme kabla ya CT, watapima krietinini, kipimo cha damu cha figo, kwanza, na akisikia joto limepita mwilini na ladha ya chuma mdomoni dawa ikiingia asiogope, inapita.

Mume wangu alifanyiwa oparesheni hii wiki iliyopita, walimpa dawa ya kumeza siku ya saba wakapiga picha wakasema safi, hakuna kuvuja. Lakini ana homa na moyo unaenda mbio, wanasema tungoje. Tungoje?

Dada, msingoje nyumbani wala wodini kimya. Picha ya kumeza inakosa baadhi ya uvujaji, hilo linajulikana, ikiwa safi haifuti homa. Moyo kwenda mbio bila sababu baada ya oparesheni hii, kwangu ni uvujaji mpaka ithibitike vinginevyo. Leo hii mwombe daktari wake CT ya kifua akiwa amemezeshwa dawa kidogo, inaonyesha hewa na usaha nje ya mrija hata kama dawa yenyewe haikutoka, na ikiwa bado haieleweki kamera laini inaweza kuingizwa kuangalia rangi ya ile ncha iliyoshonwa. Wakikuta usaha kuna mpira wa kuutoa, kuna stenti, kuna kurudi thieta, na vyote vinafanya kazi vizuri zaidi vikianza mapema. Ukimaliza kusoma hapa nenda kamuone sista wa zamu umwambie presha, mapigo na joto viandikwe kila saa, na muulize daktari wa zamu ni nani usiku huu.